Msuguano na Mteremko: Namna ya Kupima Skii

Kuteleza na kukwama

Katika Bariadi hakuna theluji. Hata hivyo, kila mwanafunzi wa huko anajua maana ya kuteleza. Mvua zinyeshapo, udongo mweusi wa mbugani hulowa ukawa mtelezi kama sabuni. Mtu apitaye bila uangalifu huanguka. Papo hapo, udongo huohuo hung'ang'ania magurudumu ya mkokoteni, hata ng'ombe wawili wenye nguvu wakashindwa kuuvuta. Mkokoteni huo ukifika kwenye udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, huenda bila taabu kubwa.

Ng'ombe ni walewale, na mzigo ni uleule. Kilichobadilika ni uso wa ardhi.

Kitu kinapopita juu ya kitu kingine, nyuso zao hukwaruzana. Kani inayozuia mwendo huo huitwa msuguano. Msuguano ukiwa mkubwa, kitu husogea kwa shida. Ukiwa mdogo, kitu huteleza. Katika sura hii tutajifunza namna ya kupima kitu kinachoteleza, na tutaona kwa nini haifai kukisia kwa macho.

Chombo kinachotambaa

Usukumani, kama katika sehemu nyingine za nchi yetu, watu wametumia chombo cha kukokotwa kisicho na magurudumu. Chombo hicho huchongwa kutokana na tawi kubwa lenye panda. Hufungwa kwa mnyororo kwenye nira ya ng'ombe, kikabeba pipa la maji, kuni au mavuno. Chombo hicho hakibiringiki. Hutambaa juu ya ardhi. Ng'ombe hulazimika kuushinda msuguano wote uliopo kati ya mti na udongo.

Katika nchi za baridi kali, ardhi hufunikwa na theluji kwa miezi mingi. Theluji ni chembe za barafu ndogo sana zinazoanguka kutoka mawinguni. Juu ya theluji, gurudumu huzama na mguu huzama. Lakini chombo kipana kinachotambaa hupita juu yake bila kuzama, tena huteleza kwa wepesi. Kwa sababu hiyo watu wa nchi hizo walitengeneza skii tangu maelfu ya miaka iliyopita.

Skii ni ubao mrefu na mwembamba, wenye ncha ya mbele iliyopinda kwenda juu. Mtu hufunga skii moja chini ya kila kiatu. Uzito wake husambaa juu ya eneo kubwa, kwa hiyo theluji haibonyei sana. Wewe mwenyewe unaweza kuliona jambo hilo. Ukikanyaga matope kwa mguu mtupu, utazama. Ukitandika ubao mpana juu ya matope hayo na kupita juu yake, hutazama sana.

Afrika ya Mashariki nayo imo katika historia ya skii. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Mlima Kilimanjaro na kutumia skii wakati wa kushuka. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya barafu ya mlima huo imeyeyuka. Mwaka 2018, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Pyeongchang, Korea Kusini, msichana aliyezaliwa Kilifi nchini Kenya aliliwakilisha taifa lake katika mbio za kushuka mlima kwa skii. Jina lake ni Sabrina Simader. Alikuwa amehamia Austria tangu utotoni, na huko ndiko alikojifunza mchezo huo. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo ya majira ya baridi.

Mbio za slalomu

Mbio za kushuka mlima kwa skii ni za aina kadhaa. Moja ya aina hizo huitwa slalomu. Katika slalomu, nguzo nyembamba za rangi nyekundu na buluu husimikwa mteremkoni ili kufanya malango. Mshindani hana budi kupita katika kila lango. Akikosa lango moja, hutolewa mashindanoni. Kwa kuwa malango yamekaribiana, mshindani hupinda kushoto na kulia mara nyingi katika muda usiozidi sana dakika moja.

Kila mshindani hushuka mara mbili, na malango ya mara ya pili hupangwa upya. Muda wa mara zote mbili hujumlishwa. Mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Saa inayotumika hupima hadi sehemu moja ya mia ya sekunde.

Sehemu ya mia ya sekunde ni muda mdogo mno. Je, muda kama huo unaweza kuleta tofauti? Katika Olimpiki iliyofanyika Calgary, Kanada, mwaka 1988, Alberto Tomba wa Italia alishinda slalomu ya wanaume. Alimpita Frank Wörndl wa Ujerumani Magharibi kwa sekunde 0.06 tu.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme mshindani huenda mita 10 katika kila sekunde. Katika sekunde 0.06 atakwenda:

10 × 0.06 = mita 0.6, yaani sentimita 60.

Chukua rula, upime sentimita 60 juu ya sakafu. Umbali huo ni mfupi kuliko hatua moja ya mtu mzima. Watu wawili wameshuka mlima mrefu mara mbili, na umbali kama huo ndio uliotenganisha medali ya dhahabu na ya fedha. Basi mshindani akichagua skii isiyofaa, hata kama kasoro yake ni ndogo, anaweza kupoteza kazi ya miaka mingi.

Skii inayoteleza na kushika

Wengine hudhani kwamba skii bora ni ile yenye msuguano mdogo kuliko zote. Dhana hiyo ni nusu ya ukweli tu. Skii ya slalomu hufanya kazi mbili zinazopingana.

Kazi ya kwanza ni kuteleza kwenda mbele. Sehemu ya chini ya skii hutengenezwa kwa plastiki laini, na hupakwa nta. Nta hiyo hupunguza msuguano kati ya plastiki na theluji. Nta ifaayo siku ya baridi kali yaweza isifae siku yenye jua, kwa maana theluji kavu na theluji yenye majimaji si kitu kimoja.

Kazi ya pili ni kushika theluji kwa ubavu. Kila upande wa skii una ukingo wa feleji ulionolewa. Mshindani anapotaka kupinda, huilaza skii kwa ubavu. Ukingo wa feleji huikata theluji ngumu na kuizuia skii isiponyoke kwenda pembeni. Zaidi ya hayo, skii ya slalomu ni pana mbele na nyuma, lakini ni nyembamba katikati. Kwa hiyo inapolazwa, ukingo wake huchora sehemu ya duara juu ya theluji, na mshindani hupinda kwa kuufuata mchoro huo.

Ufupi nao husaidia kupinda haraka. Katika mashindano makubwa, skii ya slalomu ya wanawake haitakiwi kuwa fupi kuliko sentimita 155, na ya wanaume haitakiwi kuwa fupi kuliko sentimita 165.

Fikiri sasa juu ya baiskeli. Ekseli zake hutiwa grisi ili msuguano upungue. Breki na matairi yake, kinyume chake, huhitaji msuguano wa kutosha. Baiskeli isiyo na msuguano popote haiendesheki. Ndivyo ilivyo kwa skii. Kila sehemu huhitaji msuguano wa kiasi chake.

Kwa nini mteremko husawazishwa

Theluji iliyoanguka yenyewe haiko sawa kila mahali. Pengine ni laini, pengine ni ngumu, pengine upepo umeirundika. Tuseme skii ya kwanza ikajaribiwa mahali pagumu, na ya pili mahali palipo laini. Ya kwanza ikienda kasi, je, tutaisifu skii au tutaisifu theluji? Hatuwezi kujua.

Kwa hiyo mteremko husawazishwa kwanza. Kazi hiyo hufanywa na mtambo mkubwa unaotembea kwa minyororo mipana badala ya magurudumu. Mbele una bamba la kusukuma theluji. Nyuma una meno yanayozunguka, ambayo huvunjavunja mabonge, na kipande kingine huilaza theluji ikawa sawasawa. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa usiku, ili theluji ishikamane kabla ya asubuhi.

Katika mashindano ya slalomu, mara nyingi theluji humwagiwa maji ili igande na kuwa ngumu. Nia yake ni kwamba mshindani wa mwisho asikute njia iliyochimbika kuliko aliyoikuta mshindani wa kwanza. Hata hivyo njia huharibika kidogo kila mtu anapopita. Kwa sababu hiyo, katika mashindano makubwa, washindani 30 waliofanya vizuri mara ya kwanza hupangwa kinyume mara ya pili. Aliyekuwa wa 30 huanza, na aliyekuwa wa kwanza huja mwisho wao.

Namna ya kupima skii

Tuseme kuna jozi mbili za skii, A na B. Mtu mmoja asema A ni bora kwa sababu ni mpya na ina rangi ya kupendeza. Mwingine asema B ni bora kwa sababu mshindi fulani anaitumia. Wote wawili wamekisia. Rangi haitelezi juu ya theluji, wala sifa ya mtu mwingine haikati kona. Kinachotakiwa ni kupima.

Upimaji mzuri hufuata kanuni zifuatazo:

1. Badilisha kitu kimoja tu. Kama unalinganisha skii, basi mtu awe yuleyule, viatu viwe vilevile, nta iwe ya aina moja, kingo ziwe zimenolewa sawasawa, na malango yasisogezwe. Ukibadilisha skii na nta kwa pamoja, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti.

2. Anza mahali pamoja kwa namna moja. Mtu akijisukuma mara ya kwanza, na mara ya pili asijisukume, kipimo kimeharibika.

3. Rudia mara nyingi. Mara moja haitoshi, kwa maana mtu anaweza kuyumba au upepo ukavuma.

4. Pokezanisha vitu unavyopima. Usimalize vipimo vyote vya A asubuhi ndipo uanze B mchana. Jua hupanda, theluji hulainika, na B itashuka kwenye theluji nyingine kabisa. Pima A, kisha B, kisha B, kisha A, na kadhalika.

5. Andika kabla ya kusahau. Mtu aliyeshuka aandike maoni yake kabla ya kuambiwa muda wake. Kama inawezekana, majina ya skii yafunikwe, ili moyo usipendelee kile ambacho macho yamekipenda.

Jaribio: Kupima kani ya msuguano kwa mteremko wa ubao

Jaribio hili halihitaji theluji wala saa. Fanyeni mkiwa wawili wawili.

Vifaa: ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1, vipande viwili vya mti wa aina moja, vyenye ukubwa sawa, mshumaa, rula, chaki, daftari na kalamu.

Namna ya kufanya:

1. Chora mstari wa chaki katikati ya ubao kwa urefu wake, upate njia mbili. Andika A upande mmoja, na B upande wa pili. Viandike vipande vya mti A na B.

2. Laza ubao juu ya sakafu. Weka kipande A katika njia yake, karibu na mwisho wa ubao.

3. Mwenzako aunyanyue mwisho huo polepole, bila kuutikisa. Mara kipande kinapoanza kuteleza, asimame hapo hapo. Pima kimo cha mwisho wa ubao kutoka sakafuni. Kiandike.

4. Fanya hivyo kwa kipande B katika njia yake. Rudia mpaka kila kipande kipimwe mara 5, ukivipokezanisha.

5. Sasa paka nta ya mshumaa chini ya kipande B. Kipande A usikipake. Pima tena mara 5 kila kimoja, ukivipokezanisha kama mwanzo.

Huenda ukauliza: Kwa nini tupime mara ya kwanza, kabla ya kupaka nta? Sababu ni kwamba vipande viwili vya mti havifanani kabisa, hata kama vinaonekana sawa. Pengine B kililainishwa zaidi na randa ya seremala. Tusipopima mwanzoni, tutaisifu nta kwa kazi ya randa. Tena, kwa nini kila kipande kiwe na njia yake? Kwa sababu nta ya B hubaki kwenye ubao. A kikipita hapo, kitasaidiwa na nta ambayo hakikupakwa.

Kusoma matokeo

Tuseme baada ya kupaka nta mwanafunzi amepata vimo hivi, kwa sentimita:

Kipande A (bila nta): 41, 39, 40, 42, 38. Jumla ni 200. Wastani ni 200 ÷ 5 = 40.

Kipande B (chenye nta): 27, 29, 28, 26, 30. Jumla ni 140. Wastani ni 140 ÷ 5 = 28.

Kipande kinachoanza kuteleza ubao ukiwa chini ndicho chenye msuguano mdogo. Tazama vimo vyenyewe, si wastani peke yake. Kimo kikubwa kuliko vyote vya B ni 30. Kimo kidogo kuliko vyote vya A ni 38. Havikutani. Kama katika vipimo vya kwanza A na B vilikuwa karibu sawa, basi tunaweza kusema kwamba nta imepunguza msuguano.

Lakini tuseme mwanafunzi mwingine amepima kipande C akapata 39, 42, 40, 38, 40. Wastani wake ni 39.8. Je, aseme C ni bora kuliko A kwa sababu 39.8 ni ndogo kuliko 40? La. Vimo vya A na vya C vimechanganyikana. Tofauti ndogo kama hiyo yaweza kuletwa na mkono uliotetemeka. Jibu la kweli ni hili: Kwa vipimo hivi, tofauti haijaonekana. Jibu hilo si la aibu. Mpimaji anayedai ameona tofauti ambayo haipo hujidanganya mwenyewe kwanza, kisha huwadanganya wengine.

Wapimaji wa skii hukutana na jambo hilo mara nyingi, maana tofauti wanazozitafuta ni ndogo sana. Ndiyo sababu hurudia vipimo vyao kwa uvumilivu.

Faida ya maarifa haya

Huenda hutavaa skii maishani mwako. Lakini kanuni ulizojifunza hazikutengenezwa kwa ajili ya theluji peke yake. Mkulima wa Itilima au Maswa anaweza kuambiwa kwamba mbegu fulani ya pamba huzaa zaidi. Akiipanda mbegu mpya kwenye shamba lililotiwa samadi, na mbegu ya zamani kwenye shamba lisilotiwa, hatajua kama amesaidiwa na mbegu au na samadi. Akizipanda zote mbili katika udongo wa namna moja, siku moja, na kuzipalilia sawasawa, atapata jibu la kuaminika. Akikosea katika kupima, hasara yake si sehemu ya sekunde. Ni mavuno ya mwaka mzima.

Vivyo hivyo kwa mwenye mkokoteni. Kutia grisi kwenye ekseli hupunguza msuguano, na ng'ombe huvuta kwa nguvu chache. Asiyeamini na apime. Abebe mzigo uleule, katika njia ileile, kabla na baada ya kutia grisi.

Muhtasari

Msuguano ni kani inayozuia mwendo wa kitu juu ya kitu kingine. Msuguano una faida na hasara. Skii ya slalomu huhitaji msuguano mdogo chini yake, na huhitaji kingo zinazoishika theluji kwa ubavu. Ili kulinganisha vitu viwili, badilisha jambo moja tu, rudia mara nyingi, na uandike ulichokiona.

Maswali

1. Msuguano ni nini? Taja mahali pawili nyumbani kwenu ambapo msuguano unafaa, na pawili ambapo unaleta hasara.

2. Kwa nini mtu mwenye skii hazami sana katika theluji?

3. Eleza kazi ya nta na kazi ya ukingo wa feleji katika skii ya slalomu.

4. Mtu amejaribu skii A saa 2 asubuhi na skii B saa 8 mchana. Amesema B ni mbaya. Je, unakubaliana naye? Toa sababu.

5. Mshindani huenda mita 11 kwa sekunde. Atakwenda sentimita ngapi katika sekunde 0.02?

6. Rudia jaribio la ubao, lakini safari hii paka sabuni kavu badala ya nta. Kabla ya kuanza, andika orodha ya mambo yote ambayo hutayabadilisha.